Marekani, Uingereza, Kanada au Ujerumani: uombe viza ya mwanafunzi ya wapi?

Barua mbili za kukubaliwa chuo ziko mkononi, moja ya Leeds, Uingereza, na nyingine ya Toronto, Kanada, na pesa iliyopo inatosha kuomba viza moja tu. Au barua huna bado, una orodha ya vyuo vinane katika nchi nne, na kila unayemuuliza anakwambia nchi aliyopitia yeye ndiyo rahisi. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo.

Kwa juu juu, nchi hizi nne zinadai mambo yaleyale: nafasi ya chuo, pesa, pasipoti, na sababu ya kusoma inayoingia akilini. Uzito ndio haulingani. Afisa wa Marekani anakusikiliza. Wa Uingereza anahesabu. Wa Kanada anasoma ulichoandika, na wa Ujerumani anataka kuona pesa imefungiwa mahali usipoweza kuichota ovyo. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukataliwa nchi moja na kupita nyingine akiwa na faili lilelile.

Nitazipima kwa vigezo sita: karatasi ya kuanzia, pesa na jinsi ya kuithibitisha, anayeamua na anachotazama, muda, unachoruhusiwa ukishafika, na kinachofuata ukikataliwa. Ada na viwango ni vilivyokuwa vimetangazwa kufikia mwisho wa 2025. Nchi hizi hubadilisha viwango karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote fungua tovuti ya serikali husika, usitegemee video ya mtu.

Kuna jambo moja linalotangulia vigezo vyote, nalo ni uraia wako. Tangu Juni 2025 Marekani imefunga au kubana utoaji wa viza, za wanafunzi zikiwemo, kwa raia wa nchi kadhaa, na Desemba mwaka huohuo orodha ikarefushwa. Kama nchi yako imo, ufasaha wako mbele ya afisa wa viza hautakusaidia sana. Angalia orodha hiyo kwanza, maana ada ya ombi hairudi.

Karatasi ya kuanzia

Kwa viza ya F-1 ya Marekani, chuo kilichoidhinishwa na serikali kinakutolea fomu ya I-20 yenye namba yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Hakiitoi mpaka umekionyesha pesa ya mwaka wa kwanza. Ukishaipata unalipa ada ya SEVIS, dola 350, unajaza fomu ya DS-160, unalipa ada ya viza, dola 185, kisha unatafuta miadi ubalozini. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 imeweka ada nyingine ya dola 250, kwa hiyo uliza kama ubalozi unakoombea umeanza kuitoza.

Uingereza inakutaka uwe na CAS, ambayo ni namba ya kumbukumbu inayotolewa na chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi. Vyuo vingi huishikilia mpaka ulipe sehemu ya ada ya masomo, na ukishapewa una miezi sita ya kuitumia. Viza yenyewe inatolewa kwa alama 70: CAS inabeba 50, pesa 10, Kiingereza 10. Hakuna nusu alama. Pesa ikipungua kidogo tu, zile 10 zote zinapotea na ombi linaanguka.

Kanada ilikuwa nyepesi hapa, sasa sivyo. Mbali na barua ya chuo kilichoidhinishwa, tangu Januari 2024 waombaji wengi wanahitaji barua ya uthibitisho ya serikali ya jimbo, maarufu kama PAL, kwa sababu serikali kuu imeweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa kigeni. Chuo ndicho kinachokufuatilia barua hiyo, na mgao wake unaweza kuisha. Nafuu imepatikana kwa wa uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma: kuanzia tarehe 1 Januari 2026 hawaihitaji tena.

Ujerumani inaridhika na barua ya kukubaliwa, na hata ukiwa huna ipo viza ya mtu anayekwenda kutafuta nafasi ya chuo, isiyozidi miezi tisa. Kikwazo chake kinakuja mapema zaidi: cheti chako cha sekondari kinatambulika? Kisipotambulika kuwa sawa na chao, unapitia Studienkolleg, kozi ya maandalizi ya takriban mwaka mmoja, kabla ya kuingia chuo kikuu. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua maombi kwa niaba yao, ambalo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila linaloongezeka. Waombaji wa India, China na Vietnam wanahitaji pia cheti cha APS cha kuhakikiwa vyeti vyao.

Pesa

Ada za ombi zenyewe hazikaribiani hata kidogo. Ujerumani ni euro 75. Kanada ni dola zao 150, na 85 za alama za vidole. Marekani, viza na SEVIS pamoja, dola 535. Uingereza viza ni pauni 524, lakini unalipa papo hapo na ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Mtu wa uzamili wa mwaka mmoja anapewa viza inayozidi mwaka kwa miezi kadhaa, hivyo ada hiyo inafika pauni 1,164, na jumla yake ni 1,688 kabla hajanunua tiketi. Akikataliwa, ya afya inarudishwa. Ya viza hairudi.

Hiyo ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni pesa ya kuonyesha, na hapa ndipo watu wengi wanapoangukia.

Uingereza ina hesabu isiyo na huruma lakini ya wazi. Unatakiwa kuwa na ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki kulipwa, pamoja na pesa ya kuishi: pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London au 1,171 nje ya London, kwa miezi isiyozidi tisa. Kwa kozi ya miezi tisa na zaidi hiyo ni 13,761 kwa London na 10,539 kwingineko. Pesa hiyo ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Chukulia unahitaji salio la 18,000. Siku ya ishirini mzazi anatoa pauni 50 za matumizi, salio linakuwa 17,950, kesho yake anazirudisha. Zile siku ishirini zimekwenda na maji, unaanza kuhesabu upya. Na ni akaunti ya nani? Yako au ya mzazi, ukiambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Mjomba mwenye uwezo hakusaidii mpaka pesa yake ihamie kwenye mojawapo ya akaunti hizo na kutulia humo.

Kanada inataka ada ya mwaka wa kwanza, nauli, na pesa ya kuishi isiyopungua dola za Kanada 22,895 kwa mtu mmoja, kiwango kilichoanza tarehe 1 Septemba 2025. Quebec ina kiwango chake na kibali chake cha ziada. Ndugu anaruhusiwa kukulipia, na hakuna siku 28 za kuvizia. Lakini wanaomba taarifa ya benki ya miezi minne, na anayeisoma anajua kusoma: akaunti iliyokuwa na vijisenti miezi mitatu, halafu mamilioni yakaingia Jumatatu moja, inahitaji maelezo. Kiwanja kiliuzwa? Weka mkataba wa mauzo. Ni mkopo? Weka barua ya mkopo.

Marekani haina kiwango cha taifa zima. Kiasi kimeandikwa kwenye I-20 yako, maana kila chuo kina gharama zake, nawe unathibitisha kwamba pesa ya mwaka wa kwanza unayo na ya miaka inayofuata ina njia. Mfadhili anaweza kuwa yeyote mwenye sababu ya kueleweka ya kukulipia. Afisa anaweza asiguse hata karatasi moja uliyobeba, akauliza tu: "Nani anakulipia, na anafanya kazi gani?" Jibu lisilolingana na kilichoandikwa kwenye DS-160 linaharibu zaidi ya salio dogo.

Ujerumani inakutaka uweke euro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiwa, wanayoiita Sperrkonto, na ukishafika unapewa 992 kila mwezi. Ufadhili unaotambulika, au mkazi wa Ujerumani anayejifunga rasmi kubeba gharama zako, vinaweza kushika nafasi ya akaunti hiyo. Kiasi hicho kinatisha kwa sababu kinatakiwa kwa mkupuo. Lakini kitazame vizuri: ni pesa yako ya kula na kupanga chumba, na vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, mchango wa muhula tu. Zipo tofauti. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kuwatoza mwaka wa masomo 2024/25. Kwingineko, 11,904 ndiyo karibu bajeti yote ya mwaka, wakati kwa hizo nchi tatu pesa ya kuishi inakaa juu ya ada ya masomo.

Nani anaamua, na anatazama nini

Marekani ni mahojiano ya ana kwa ana, dakika chache mbele ya dirisha, na uamuzi mara nyingi unatoka hapohapo. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamchukulia kila mwombaji kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Anayeulizwa "Kwa nini chuo hiki?" akajibu "Ni chuo bora chenye sifa duniani" hajajibu kitu, sentensi hiyo inatosha chuo chochote. Anayesema "Nataka kusomea usafishaji wa maji ya chumvi, wao wana maabara yake, na nikimaliza kuna idara ya maji niliyofanyia mafunzo ambayo haina mtaalamu huyo" ametaja kozi, sababu na kinachomrudisha, kwa pumzi moja. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wanatakiwa pia kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe.

Kwa Kanada huenda usimwone mtu kabisa. Kila kitu kinapandishwa mtandaoni, na sauti yako ni barua moja ya maelezo. Mhasibu wa miaka minane mwenye shahada anayeomba cheti cha mwaka mmoja cha biashara lazima aeleze kwa nini anashuka ngazi. Asipoeleza, afisa anajieleza mwenyewe, na maelezo yake huishia kwenye sentensi inayojulikana sana: hajaridhika kwamba utaondoka muda wako ukiisha. Anayeandika vizuri anafaidi hapa. Anayenakili barua ya mtandaoni anaumia, kwa sababu afisa ameshaisoma mara nyingi.

Uingereza inaacha nafasi ndogo ya hisia za afisa. Nyaraka zikitimia na tarehe zikikaa sawa, uko pazuri. Wanaweza kukuita kwenye mahojiano ya video kupima kama kweli ni mwanafunzi, na maswali ni ya kawaida: masomo gani yako kwenye kozi, ada ni kiasi gani, utakaa wapi. Raia wa nchi zilizo kwenye orodha yao wanahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, si hospitali yoyote tu.

Ujerumani unapeleka faili mwenyewe kwenye ubalozi au kituo chake, na mara nyingi nakala inatumwa kwa idara ya wageni ya mji utakaosomea. Barua ya nia na wasifu wako vinasomwa kwa makini, na ukiomba kozi ya Kijerumani, kiwango chako cha lugha kinapimwa kwa cheti na pengine kwa mazungumzo mafupi pale dirishani.

Muda

Uingereza ndiyo inayotabirika: unaweza kuomba hadi miezi sita kabla ya kozi, na majibu ya walio nje ya nchi hiyo kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu. Marekani inaweza kukupa viza hadi siku 365 kabla ya kozi kuanza, ingawa huingii nchini mapema zaidi ya siku 30 kabla. Shida yake ni miadi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti ambapo kila mtu anagombea dirisha lilelile. Kanada ilifuta njia yake ya haraka Novemba 2024, kwa hiyo sasa wote wako foleni moja, na muda unategemea nchi unakoombea. Ujerumani ni ya wenye subira. Kuna foleni ya miadi, kisha wiki kadhaa hadi miezi mitatu ya kusubiri. Tangu Januari 2025 ombi linaweza kuanzia mtandaoni, jambo linalopunguza safari za kurudishwa kwa sababu ya karatasi moja.

Ukishafika

Saa za kazi wakati wa muhula: Uingereza 20 kwa wiki kwa wanaosomea shahada, Kanada 24 nje ya chuo, Marekani 20 lakini ndani ya chuo tu, na nje hairuhusiwi mwaka wa kwanza. Ujerumani inahesabu kwa mwaka: siku 140 kamili au 280 za nusu siku. Hakuna hata moja ambayo afisa wake atakubali kibarua cha baadaye kiwe chanzo chako cha ada.

Wenye familia wasome hapa mara mbili. Uingereza, tangu Januari 2024, inamruhusu mwenza na watoto kwa wanaosomea shahada za utafiti au waliofadhiliwa na serikali. Wa uzamili wa kawaida anakwenda peke yake. Kanada inampa mwenza kibali cha kazi kama unasoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 na zaidi, au baadhi ya fani maalumu. Marekani mwenza anaruhusiwa kuja lakini haruhusiwi kufanya kazi. Ujerumani mwenza aliyepewa kibali cha kuungana nawe anaweza kufanya kazi, ila pesa na nyumba ya kutosha vionekane kwanza.

Baada ya kuhitimu, Kanada inatoa kibali cha kazi cha hadi miaka mitatu, na mwenye uzamili anaweza kuipata yote hata kama kozi haikufika miaka miwili. Kwa wahitimu wa koleji wanaangalia pia fani uliyosoma. Uingereza inatoa miaka miwili, mitatu kwa uzamivu, na kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miwili inakuwa miezi 18. Marekani ni miezi 12, na 24 zaidi kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ujerumani ni miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yako.

Ukikataliwa

Marekani hakuna rufaa ya 214(b). Unaomba upya na kulipa ada ya viza upya, ingawa ya SEVIS hurudii kulipa ukiomba tena ndani ya miezi 12. Kurudi dirishani na majibu yaleyale ni kutupa dola 185. Uingereza unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 28 kwa pauni 80, na inafaa kama kosa ni lao la hesabu. Kama ni lako, omba CAS mpya. Kanada unaomba tena ukiwa na kitu kipya, au unakwenda Mahakama ya Shirikisho ndani ya siku 60, njia inayohitaji wakili. Ujerumani ilifuta malalamiko ya bure kwa ubalozi kuanzia Julai 2025, hivyo kilichobaki ni kuomba upya au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin.

Kukataliwa kwa kawaida kunarekebishika. Uongo ndio haurekebishiki. Taarifa ya benki ya kughushi inaweza kukufungia Uingereza miaka 10, Kanada mitano, na Marekani maisha yako yote. Wakala anayekwambia "usiandike kwamba ulikataliwa kule" hatafungiwa yeye. Uingereza, Kanada na Marekani hubadilishana taarifa za waombaji.

Kwa hali yako

Una ufadhili kamili au chuo kimekusamehe sehemu kubwa ya ada, unajieleza vizuri kwa mdomo, na uraia wako hauna zuio: Marekani inakufaa, hasa kama fani yako ni ya sayansi na unataka ile nyongeza ya miezi 24.

Pesa ipo taslimu, kwenye akaunti yako au ya mzazi, na muda ni mfupi: Uingereza. Uzamili wa mwaka mmoja unaisha upesi na majibu hayachelewi. Kama pesa yako ni ya michango ya ndugu watano inayoingia na kutoka, usianze huko kabla ya kuikusanya mahali pamoja.

Una umri mkubwa kidogo, kazi na mwenza, na unaomba uzamili wa miezi 16 au zaidi katika chuo cha umma: Kanada inakupa nafasi nzuri kuliko anayetafuta cheti kifupi cha koleji. Barua ya maelezo ipe wiki nzima.

Ada ya masomo ndiyo inayokushinda, lakini familia inaweza kukusanya euro 11,904 mara moja, na una mwaka wa kusubiri: Ujerumani. Tumia mwaka huo kujifunza Kijerumani, hata kama kozi ni ya Kiingereza, kwa sababu kibarua na ile miezi 18 ya kutafuta kazi huwa migumu kwa asiyeongea lugha.

Umemaliza sekondari juzi na huna hakika cheti chako kinatambulika Ujerumani: tafuta nchi yako kwenye hifadhidata ya masharti ya kujiunga ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kabla hujalipa uni-assist hata euro moja.

Ulishakataliwa mahali: soma barua ya kukataliwa neno kwa neno kabla ya kuhamia nchi nyingine. Kama tatizo lilikuwa siku 28, kwenye faili la Kanada au Ujerumani huenda lisionekane kabisa. Kama lilikuwa sababu yako ya kusoma haieleweki, litakufuata kote kunne, na la kubadilisha ni kozi.